Nani Mwenye Kuzima Muziki?

Novemba 2024, Knocked Loose, bendi ya muziki wa hadikoo (hardcore) kutoka Kentucky, Marekani, ilipewa nafasi katika kipindi cha runinga cha usiku cha Jimmy Kimmel. Haikupunguza chochote kwa kuheshimu sebule za watu: mwimbaji alipiga yowe la kukwaruza koo, gitaa likaja zito kama lori la mchanga linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Muda si mrefu mitandao ikajaa malalamiko, wazazi wengine wakidai watoto wao wameogopa. Miezi saba baadaye, Juni 2025, tamasha la Outbreak, lililokulia katika kumbi ndogo za kaskazini mwa Uingereza, liliweka siku nzima kwenye bustani ya Victoria Park jijini London, na Turnstile, bendi ya hadikoo ya Baltimore, ndio waliofunga usiku. Muziki wa hadikoo, ambao kwa miaka zaidi ya 40 uliishi kwenye vyumba vya chini ya nyumba za watu, kumbi za makanisa na kumbi za maveterani wa vita, umetoka nje mchana kweupe.

Kutoka huko kumezaa kambi mbili. Ya kwanza ni ya waliokutana na muziki huu kwa bahati mbaya, kwenye runinga au kwenye video ya sekunde 30, wakaona vijana wanarushiana mateke mbele ya jukwaa na mwingine anajirusha toka juu kichwa mbele. Hawa wanasema vurugu imepewa kibali. Ya pili ni ya wakongwe, wanaosema hadikoo ilikuwa salama ilipokuwa yetu, imeharibika tangu ilipoanza kuwekewa uzio na wadhamini. Naona kambi zote mbili zinakodolea macho kitu kimoja, yaani miguu na viwiko vya wachezaji. Moja inaviogopa, nyingine inavionea fahari. Mtu hurudi nyumbani mzima au hubebwa kwenye machela kwa sababu nyingine kabisa, ambayo haionekani kwenye video: umbali uliopo kati ya anayeanguka na mwenye uwezo wa kuzima muziki.

Kwa asiyeufahamu muziki wenyewe, tuanzie mbali kidogo. Neno panki lilitufikia kwa kinyozi kabla halijatufikia kwa spika. Wengi wetu tulijua ni nywele zilizosimama katikati ya kichwa. Hadikoo ni panki iliyokazwa nati: wimbo unaweza kuisha kabla ya dakika mbili, ngoma inakimbia, halafu ghafla kasi inaanguka, mdundo unakuwa mzito na wa polepole, na hapo ndipo ukumbi unapopasuka. Ulichipuka mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, California kwa akina Black Flag, Washington kwa akina Bad Brains na Minor Threat. Hao Bad Brains ni vijana wanne Weusi waliokuwa wakipiga jazi ya kuchanganya, wakageukia panki, wakaipiga kwa kasi ambayo wenzao hawakuiweza, kisha kwa imani yao ya Kirastafari wakaingiza rege katikati ya shoo. Anayedhani huu ni muziki wa watoto wa Kizungu wenye hasira na wazazi wao amekosa ukurasa wa kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kambi ya kwanza hulikosa, nalo ni kwamba miongoni mwa watu hawa wapo wengi wasiokunywa. Mwaka 1981 Minor Threat walitoa wimbo usiofika hata dakika moja, wa kijana anayetangaza kwamba hana haja ya pombe wala dawa, na kutoka hapo ukazaliwa mwenendo mzima wa vijana kujiepusha na ulevi, wengine hadi sigara na nyama. Alama yao ni X iliyochorwa kwa wino mnene nyuma ya kiganja. Asili yake ni ya mlangoni: wenye kumbi za Marekani waliwachora hivyo watoto wasiofikia umri wa kunywa ili mhudumu wa baa asiwauzie, na watoto wakaigeuza aibu hiyo kuwa beji. Hoja kwamba fujo ile ni ya walevi, kwa hiyo, ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya muziki huu. Ukitaka ukumbi wenye watu wengi wasiolewa saa nne usiku, ukiacha mawaidha, tafuta tamasha la hadikoo.

Sasa tuje kwenye kinachochezwa. Mbele ya jukwaa hufunguka uwanja, wenyewe huuita piti. Humo wengine hukimbia kwa duara, wengine husukumana mabega, wengine hurusha mikono na mateke ya kuzunguka hewani kila mdundo unapokuwa mzito. Anayetoka pwani ana mfano wa karibu. Kirumbizi cha Lamu huchezwa harusini na wakati wa Maulidi: watu wawili wanaingia uwanjani kila mmoja na bakora yake, zumari inalia, ngoma inakoleza, wanarushiana na kukinga. Mgeni aliyeshuka boti asubuhi ile anaweza kudhani kuna kesi ya shamba inaamuliwa. Mwenyeji anaona zamu. Anaona nani kampisha nani, na anaona mzee anavyosogea pale vijana wanapoanza kusahau kwamba ni mchezo. Piti nayo ina adabu zake. Aliyeanguka huinuliwa mara moja, na humwinua yule yule aliyemwangusha. Kiatu kilichovuka huinuliwa juu hadi mwenyewe akione. Nilipokwenda na wenzangu watatu kwenye tamasha moja kaskazini mwa Uingereza, mmoja wetu, mtoto wa Kisauni, alidondosha miwani katikati ya wimbo. Nilijua imekwisha. Kumbe watu sita, saba walikuwa wameshasimama kwa mduara, wameiwekea kinga kwa miili yao, na jitu lenye michoro hadi shingoni lilikuwa limepiga magoti likiipapasa sakafuni kwa uangalifu wa fundi saa. Miwani ilirudi na mkwaruzo mmoja.

Hadithi kama hii kila mpenzi wa hadikoo anayo, na hapo ndipo kambi ya pili hujenga nyumba yake: sisi tunatunzana, ndiyo maana hatuhitaji uzio wala mabaunsa. Nitarudi kwenye hoja hiyo kwa sababu ina tundu. Kwanza tutazame kwa nini piti, pamoja na ubaya wake wote wa sura, si mahali ambapo watu hufa kwa wingi. Mwaka 2013 watafiti wanne wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha kwenye jarida la Physical Review Letters uchambuzi wa video za umati katika matamasha ya muziki mzito. Walifuatilia miendo ya watu piksi kwa piksi, kisha wakaiga umati huo kwenye kompyuta. Waliona kwamba watu wanaogongana ndani ya piti hutawanyika kwa kanuni zile zile zinazotawala chembe za gesi kwenye chombo, na duara la kukimbia hufanana na kizingia cha maji. Unaweza kucheka kwamba kuna watu walilipwa kutazama hayo. Lakini neno gesi lina uzito hapo. Gesi ina nafasi kati ya chembe na chembe. Mtu aliye katika piti anagongwa, anayumba, anaanguka, lakini pana nafasi ya kuanguka, na pana nafasi ya mwingine kuinama na kumshika kwapani.

Umati unaoua haufanani na gesi. Wataalamu wa usalama wa mikusanyiko wanaeleza kwamba watu wakifika watano, sita kwenye mita moja ya mraba, hawaamui tena wanakwenda wapi, wanakuwa maji. Msukumo mdogo unaoanzia nyuma husafiri kama wimbi, na hukua kadiri unavyokwenda. Hakuna anayepiga teke humo, kwa sababu hakuna anayeweza kuinua mguu. Watu hufa wamesimama: kifua kimebanwa pande zote, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka. Aliye mita tatu tu nyuma hajui, anaona visogo vya watu na mwanga wa jukwaa, na bado anasukuma.

Ndiyo maana orodha ya maafa ya umati haiwatii hofu wanaotazama fujo peke yake, inawachanganya. Juni 2000, tamasha la Roskilde nchini Denmark, watu 9 walifariki mbele ya jukwaa Pearl Jam walipokuwa wakipiga, na bendi hiyo si ya hadikoo. Oktoba 2022 mtaani Itaewon, Seoul, watu 159 walifariki katika kichochoro wakisherehekea Halloween, hakuna hata jukwaa. Na sisi tunayo yetu. Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha katika msongamano wa kumuaga Rais John Magufuli. Wale walikwenda kuaga, wengine wameshika watoto mkono. Ukichukua kigezo cha kambi ya kwanza, ukawaweka kwenye mizani wachezaji wa piti na waombolezaji, ungewanyima kibali wachezaji na kuwapa waombolezaji bila swali la pili.

Hapa mtu mwenye akili ataniuliza: kwa hiyo mateke ni sawa? Hapana, na hoja yake ni nzito kuliko ile ya walevi. Piti haiui kwa wingi, lakini inaumiza, na mara moja moja inaua. Mei 2010, katika klabu moja jijini Prague, shabiki wa umri wa miaka 19 alipanda jukwaani kwenye shoo ya Lamb of God, bendi ya Marekani ya metali, yaani muziki mzito wa gitaa, akasukumwa chini, akagonga kichwa, akafariki baadaye. Bendi iliporudi Cheki mwaka 2012 mwimbaji alikamatwa uwanja wa ndege na akakaa rumande wiki kadhaa. Machi 2013 mahakama ilimwachia: ikaona anabeba dhima ya kimaadili, siyo ya jinai, na kwamba sehemu kubwa ya lawama ni ya waandaaji na walinzi. Jambo la kuzingatia katika hukumu ile ni kwamba mahakama haikuishia kwenye mkono uliosukuma. Iliuliza nani aliruhusu jukwaa liwe hivyo, uzio na walinzi walikuwa wapi, nani alipaswa kuona kinachokuja. Mahakimu wa Prague, ambao sidhani kama walikuwa na kaseti za panki nyumbani, waliuliza swali ambalo wachambuzi wetu wengi hawaliulizi.

Na kuna majeraha madogo ambayo hayafiki mahakamani. Katika tamasha lile lile la miwani, rafiki yetu mwingine alikuwa amesimama pembeni na chupa ya maji, hachezi, hasukumi mtu. Kijana mmoja aliyekuwa akirusha mikono huku anarudi nyuma bila kuangalia alimpiga kiwiko cha taya. Wiki nzima alikunywa uji. Alipolalamika pale pale, aliambiwa na mtu mzima kabisa kwamba ukisimama karibu umekubali. Hili ndilo tundu la hoja ya wakongwe. Kutunzana kupo, nimekuona kwa macho, lakini kuna mipaka ya nani anahesabiwa kuwa mwenzetu. Wanawake wengi wameeleza kwa miaka jinsi walivyojikuta wamesukumiwa ukutani, wakishika makoti ya wapenzi wao. Huko huko Marekani, New York na Boston, miaka ya 1980 na 1990 kulikuwa na magenge na vijana wa vichwa vilivyonyolewa waliokuja kwa ajili ya kupiga, na muziki ulikuwa kisingizio. Anayesema zamani kulikuwa salama anasahau, au alikuwa mmoja wa waliopiga.

Kwa hiyo adabu peke yake haitoshi. Inahitaji mtu wa kuisimamia, na huyo mtu katika hadikoo alikuwa wapi? Alikuwa mbele, ameshika maikrofoni. Mfano unaotajwa kuliko yote ni wa Fugazi, bendi ambayo Ian MacKaye, yule wa Minor Threat, aliianzisha katika miaka ya 1980. Walitoza kiingilio cha dola 5, walipendelea kumbi zinazoruhusu watu wa umri wowote, na walipoona mtu anaumiza wengine walisimamisha wimbo. MacKaye alimsemesha mhusika kwa jina la ubwana, mbele ya watu wote, kwa upole wenye makali; akiendelea, alitolewa nje na kurudishiwa dola zake 5 ndani ya bahasha. Wengine waliwaona ni walimu wa nidhamu waliopotea njia wakaingia kwenye panki. Ila tazama mpangilio wake. Anayeona, anayeamua na anayezima muziki ni mtu mmoja, na amesimama mita mbili kutoka kwa tatizo.

Nami niliupima umbali huo. Usiku ule wa tamasha letu kijana mmoja alianguka vibaya katikati ya piti, mwimbaji akainua mkono, mpiga ngoma akakata, ukumbi ukanyamaza. Ilichukua pumzi mbili. Watu walipotoka nilirudi pale nikahesabu kwa miguu kutoka ukingo wa jukwaa: hatua nne, na ya tano ndogo. Mwenzangu wa Kisauni aliuliza kama na mimi nimedondosha miwani.

Sasa weka hatua hizo nne na nusu kando ya Houston, Novemba 2021. Katika tamasha la Astroworld umati wa watu wapatao 50,000 ulijikusanya kumtazama Travis Scott, na watu 10 walifariki kwa kubanwa, mdogo wao akiwa na miaka 9. Maofisa walikuwa wameshatangaza kwamba kuna majeruhi wengi, na muziki ukaendelea kwa zaidi ya nusu saa. Kwa mujibu wa mpango wa uendeshaji wa tamasha lile, wenye mamlaka ya kusimamisha shoo walikuwa watu wawili tu, wote wa upande wa uandaaji. Mashabiki walipanda kwenye jukwaa la kamera wakaomba muziki uzimwe; walioombwa hawakuwa na uwezo huo. Wanaopenda kumlaumu msanii na nyimbo zake watapata pa kushika, maana Scott alijulikana kwa kuwachochea mashabiki wake. Lakini msanii mpole mwenye gitaa la nyuzi za nailoni, akiwekwa mbele ya umati uliopangwa vile, katika mpango wenye swichi iliyofichwa vile, angeshuka jukwaani na maiti zile zile.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na kilio cha wakongwe kuhusu uzio, ingawa naelewa kinatoka wapi. Kwao uzio mbele ya jukwaa ni tusi: unamtenga mwimbaji na watu, unazuia shabiki kupanda, kudaka maikrofoni, kuimba mstari wake na kujirusha tena. Kwenye ukumbi wa watu 400 wana haki. Hapo uzio ni kitu kigumu cha kugonga mbavu, na baunsa asiyejua muziki huu hugeuza kijana anayeruka kwa furaha kuwa mtu wa kukabwa shingo. Lakini kwenye bustani ya watu maelfu kwa maelfu, uzio ni kifaa cha kihandisi. Ukiwekwa vizuri, kwa umbo la upinde na kwa vizuizi vinavyougawa umati vipande, unapunguza uzito wa wimbi linalotoka nyuma, na unawapa walinzi njia ya kumvuta mtu aliyebanwa. Anayetaka tamasha la bustani liendeshwe kama chumba cha chini ya nyumba anadai adabu ya watu wanaojuana ifanye kazi kati ya watu wasiojuana.

Au labda siyo haraka hivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliochunguza sherehe ya Fatboy Slim ufukweni Brighton, mwaka 2002, walikuta jambo linalowapa wakongwe nusu ya ushindi. Walitarajiwa watu kama 60,000. Walikuja wanaokadiriwa 250,000, na ufukwe ukajaa hadi polisi wakahofia balaa. Maafa ya kubanana hayakutokea. Waliohojiwa walioona kwamba umati ule ni wao, kwamba wao na wengine ni kitu kimoja, walijihisi salama zaidi hata walipokuwa wamebanwa, na waliamini kwamba jirani asiyemjua angesaidia. Kwa lugha nyingine, undugu wa umati una kazi halisi hata pale watu wasipojuana majina. Hadikoo inajua kuutengeneza undugu huo kuliko muziki mwingi ninaoujua. Ila undugu ule unamfikia jirani wa bega kwa bega. Haumfikii fundi mitambo aliye mita 60 nyuma, ndani ya kibanda chenye turubai, amevaa vipokea sauti.

Basi kinachopotea hadikoo inapohamia bustanini ni hicho: mwimbaji haoni tena nyuso, anaona giza na taa za simu. Turnstile waliopiga bure kwa watu wa Baltimore mwezi Mei 2025, pale Wyman Park Dell, wakichangisha kwa ajili ya huduma za afya za wasio na makazi, ni bendi ile ile ya kumbi ndogo za mwaka 2010, na roho yao siwezi kuitilia shaka. Roho lakini haina macho ya kuona safu ya 90. Ukuaji ukishatokea, uwezo wa kuzima lazima ugawanywe: watu waliowekwa ndani ya umati, si nje yake, wenye ishara inayofika kwenye mitambo bila kupitia ofisi tatu. Wakongwe wanaolalamikia uzio wangefanya jambo la maana zaidi kama wangedai hilo, maana wao ndio wanaojua kuutofautisha uso wa anayecheza na uso wa anayekosa pumzi. Baunsa wa kukodi hajui. Vyote kwake ni mdomo uliofunguka.

Huku kwetu mjadala huu si wa kuazima. Nairobi imezaa Crystal Axis kwenye panki, na Duma, watu wawili waliochanganya kelele za metali na mashine hadi Ulaya ikawaita. Singeli ya Dar, kwa kasi yake, inamwacha mpiga ngoma yeyote wa hadikoo akitafuta maji. Na kila mara mkusanyiko wa vijana unapokuwa na kelele kuliko kawaida, wenye mamlaka huuliza maswali ya nguo na kiuno. Vigodoro vya Dar es Salaam, zile ngoma za usiku za mitaani, vimepigwa marufuku na viongozi mara zisizohesabika, kwa sababu za maadili na kelele. Uganda, Septemba 2022, Bunge liliagiza tamasha la Nyege Nyege lizuiwe kwa madai ya uasherati, na ndani ya siku moja hivi serikali kupitia Waziri Mkuu Robinah Nabbanja ikaliruhusu kwa masharti. Mwaka 2018 waziri Simon Lokodo alikuwa ameshafanya vivyo hivyo, akazuia kisha akaachia. Nchi nzima ilijua msimamo wa kila kiongozi kuhusu mapaja ya wacheza ngoma.

Msimamo wao kuhusu idadi ya watu kwa mita ya mraba mbele ya jukwaa ungesaidia zaidi. Afisa anayeombwa kibali, iwe ni cha singeli, cha injili, cha mkutano wa kampeni au cha metali pale Nairobi, hahitaji kuupenda muziki wala kuuelewa. Amtake mwandaaji aandike milango mingapi, maji yako wapi, na umati utagawanywa vipi. Kisha aandike jina la mtu mmoja mwenye amri ya kukata sauti, namba yake ya simu, na mahali atakaposimama usiku ule. Ikiwa mahali penyewe ni nyuma ya jukwaa, asikoweza kuuona umati, faili lirudi kwa mwombaji.